Pesa za wakili unapouza au kununua nyumba: ni za nani, na utazikadiriaje kabla ya kutoa arubuni

Uliza barazani, hapa Tudor au popote Mombasa, mtu hutumia kiasi gani kwa wakili anaponunua nyumba, na utapata majibu matatu yasiyokaribiana. Wa kwanza atakwambia laki moja. Wa pili ataapa kwamba zilimtoka zaidi ya laki tatu kwa nyumba ya bei hiyo hiyo. Wa tatu, aliyenunua Majengo, atasema alimpa wakili elfu kumi na tano na mambo yakaisha. Niliyasikia majibu haya yote jioni moja, kwenye kahawa baada ya Maghrib, na kilichonishughulisha ni kwamba hakuna aliyekuwa akisema uongo. Kila mmoja alihesabu kitu chake, kisha wote wakakiita kwa jina moja: pesa za wakili.

Jina hilo moja ndilo linalowaumiza watu. Mtu huweka akiba kwa miaka, na akifikisha bei ya nyumba hudhani amefika. Hutoa arubuni, hutia saini, kisha wiki chache baadaye huambiwa alete laki tatu nyingine kabla nyumba haijaandikwa jina lake. Hapo ndipo huanza mbio za kukopa kwa shemeji na kuuza pikipiki, na akichelewa kupita siku zilizoandikwa kwenye mkataba, arubuni yenyewe huingia hatarini. Lawama zote humwendea wakili, ilhali sehemu kubwa ya fedha hizo si yake na haitabaki kwake. Hesabu hii si ngumu. Inahitaji tu kwamba kila shilingi ipewe jina lake sahihi tangu mwanzo.

Tuanze na fundi cherehani, kwa sababu kila mtu amewahi kushonesha kanzu au buibui. Ukimwachia fundi kazi yote, atakutajia bei moja, lakini ndani ya bei hiyo mna vitu viwili: mshono, ambao ni jasho lake, na kitambaa, uzi na vifungo, ambavyo atakwenda kuvinunua dukani kwa niaba yako. Kitambaa kikipanda bei, fundi hajapata faida yoyote. Kwa wakili ni vivyo hivyo. Kuna ada ya wakili, yaani malipo ya kazi yake: kuchunguza hati, kuandika au kuukagua mkataba wa mauziano, kuandaa hati ya kuhamisha umiliki, kufuatilia vibali na kusimamia malipo hadi usajili. Halafu kuna fedha zinazopita mikononi mwake kwenda kwingine: ushuru wa stempu unaokwenda serikalini, ada za usajili, gharama za kupekua rejista ya ardhi, ambako wengi wetu huita kufanya sachi, na malipo ya vyeti mbalimbali. Na mara nyingine kuna fungu la tatu, ambalo fundi cherehani hana mfano wake: ada ya wakili wa mtu mwingine ambayo mkataba umekutwika wewe. Hilo tutalifikia.

Ada ya wakili yenyewe haitungwi kwa kuangalia viatu vya mteja, kama wengi wanavyoamini. Nchini Kenya kuna Amri ya Malipo ya Mawakili, iliyotolewa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, na viwango vyake vilipandishwa mwaka 2014. Amri hiyo hupanga ada ya kuuza na kununua ardhi na nyumba kwa kufuata thamani ya mali. Kwa nyumba isiyozidi shilingi milioni 5, kiwango ni asilimia 2 ya thamani, pamoja na kima cha chini ambacho wakili hashuki hata kiwanja kiwe cha bei ndogo namna gani. Thamani ikivuka hapo asilimia huanza kushuka, hivyo mwenye nyumba ya Nyali ya milioni 30 hulipa fedha nyingi kuliko wewe lakini kwa asilimia ndogo zaidi. Juu ya ada huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo ni asilimia 16, na inahesabiwa kwa ada ya wakili, si kwa bei ya nyumba. Hilo nalisisitiza kwa sababu nimewahi kumkuta mtu aliyekosa usingizi akidhani ataongezewa asilimia 16 ya nyumba nzima.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba viwango hivyo ni sakafu. Wakili na mteja wanaweza kukubaliana kwa maandishi juu ya malipo makubwa zaidi, lakini wakili haruhusiwi kushuka chini ya kiwango. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinamfanya wakili anayetoza chini ya kiwango ili kuvuta wateja kuwa mkosaji. Kwa hiyo mteja anayezunguka Barabara ya Nkrumah kutoka ofisi moja hadi nyingine akitafuta atakayemshushia zaidi, anawaomba watu wavunje sheria ya kazi yao, na atakayekubali ameshamwonyesha jinsi anavyoziheshimu sheria. Nguvu hizo afadhali zitumike kuuliza swali jingine: katika jumla uliyonitajia, ada yako ni ipi, na zinazobaki zinakwenda kwa nani?

Sasa ushuru wa stempu, kwa sababu hapa ndipo yule mzee wa barazani aliyetaja laki tatu alikotoa jibu lake. Ushuru huu ni kodi ya serikali kwa hati inayohamisha umiliki, na kwa desturi na kwa masharti ya kawaida ya mauziano, anayeulipa ni mnunuzi. Kwa mali iliyo ndani ya mji ni asilimia 4 ya thamani. Kwa mali ya mashambani ni asilimia 2. Kisiwa cha Mombasa, Nyali, Bamburi, Likoni, Changamwe na Mikindani ni mji, hivyo usijipangie asilimia 2 kwa sababu tu kiwanja kina minazi. Mauziano ya kawaida hayakwepi ushuru huu, ingawa tangu marekebisho ya mwaka 2018 wanaonunua nyumba yao ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu wamesamehewa.

Nichukue mfano mmoja na tuushikilie hadi mwisho. Nyumba iko Mikindani na bei yake ni shilingi 4,800,000. Ada ya wakili wa mnunuzi kwa asilimia 2 ni 96,000. VAT ya ada hiyo ni 15,360, jumla 111,360. Huyo ndiye mtu wa laki moja. Ushuru wa stempu kwa asilimia 4 ni 192,000. Ukijumlisha umefika 303,360, nawe umekuwa mtu wa laki tatu, tena kabla ya sachi, usajili na gharama nyingine ndogo ambazo kila moja peke yake haitishi lakini zikikusanyika huonekana. Hesabu yote inakaribia asilimia 6 na nusu ya bei. Mimi huwaambia jamaa zangu watenge asilimia 7 na wasiiguse kwa rangi wala fanicha hadi hati itoke.

Kuna mahali ambapo hesabu hiyo inaweza kuyumba. Ushuru wa stempu haufuati bei mliyoandika kwenye mkataba peke yake. Mthamini wa serikali hukadiria thamani ya mali, na akiona inazidi bei yenu, ushuru huhesabiwa kwa makadirio yake. Nyumba ile ile ya Mikindani ikithaminiwa 5,500,000, ushuru utakuwa 220,000, yaani nyongeza ya 28,000 ambayo hukuipangia. Hapa pia ndipo linapoanguka lile wazo ambalo madalali hulinong'ona kana kwamba ni siri ya mji: andikeni bei ndogo kwenye mkataba, nyingine mpeane mkononi. Mthamini hasomi mkataba wenu tu, huitazama mali. Na siku mambo yakienda vibaya, ikabidi fedha zirudishwe, mahakama itakuuliza mkataba unasema nini, nao utasema bei ndogo. Zile za mkononi utazidai kwa karatasi gani? Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, inataka mapatano ya kuuziana ardhi yawe kwa maandishi, yametiwa saini mbele ya shahidi. Fedha ambazo hazimo kwenye maandishi zimetoka nje ya ulinzi huo. Isitoshe, kuidanganya serikali juu ya thamani ni kosa, na sioni kwa nini mtu aanze maisha ndani ya nyumba mpya akiwa na kosa lililohifadhiwa ndani ya faili.

Tumgeukie muuzaji, ambaye husahauliwa kwa sababu inadhaniwa kazi yake ni kupokea tu. Muuzaji ana wakili wake na ada yake, kwa kiwango hicho hicho. Ni juu yake kusafisha madeni ya mali: kodi ya kiwanja inayodaiwa na Kaunti ya Mombasa, na kodi ya ardhi ya serikali kama kiwanja ni cha kukodishwa kwa miaka maalumu. Bila vyeti vya kuthibitisha kwamba madeni hayo yamelipwa, usajili hauendi mbele. Nimeona nyumba za urithi ambazo kodi ya kaunti haikulipwa tangu mzee alipofariki, riba imejaa juu yake, na ndugu wameshagawana bei kichwani kabla ya kuliona deni. Tena kwa nyumba za urithi kuna hatua nzima inayotangulia: mirathi lazima ipitishwe kwanza, kwa Waislamu mara nyingi katika Mahakama ya Kadhi, na gharama ya kesi hiyo si sehemu ya ada ya kuuza nyumba. Anayeuza bila kuipitia hiyo hatua anauza kitu ambacho bado kimeandikwa jina la marehemu.

Lililo kubwa kwa muuzaji ni kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi ya faida unayopata unapouza mali kwa bei inayozidi ile uliyoigharimia. Wazee wetu wengi hawaijui, na wana sababu ya haki: ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, kisha tangu Januari 2023 ikapandishwa hadi asilimia 15. Mtu aliyeuza nyumba miaka ya tisini atakushauri kwa moyo safi kwamba muuzaji halipi kitu, na ushauri wake ulikuwa sahihi wakati ule.

Ile nyumba ya Mikindani ilikuwa ya ami yangu. Alikuwa akiipangisha, na alipopata mnunuzi aliniita nyumbani kwake nimsomee karatasi aliyopewa na wakili. Alikuwa ameishika mbali na macho, miwani ameiacha chumbani, na kidole chake kimesimama kwenye mstari wa nne ulioandikwa kodi ya faida, asilimia 15. Pembeni mwake, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameshafanya hesabu yake mwenyewe: asilimia 15 ya 4,800,000, sawa na 720,000. "Mwanangu," akaniambia, "kwa hesabu hii bora niiache nyumba ilivyo." Alikuwa tayari amemwandikia mnunuzi ujumbe wa kuvunja mapatano, bado kuutuma tu.

Nikamuuliza, "Ami, nyumba ulinunua kwa kiasi gani?" Alinunua kwa 2,400,000. Baadaye akaongeza varanda, akabadilisha bati lote na kujenga tangi la maji, na risiti tulizozipata kwenye sanduku la bati chini ya kitanda zilifika 600,000. Ada ya wakili wake ya kuuzia, pamoja na VAT, ilikuwa 111,360, nayo pia huondolewa kabla ya kodi kwa sababu ni gharama ya kuhamisha mali. Ukitoa vyote hivyo kwenye bei, faida inayotozwa ni 1,688,640, na asilimia 15 yake ni 253,296. Si pesa kidogo, na ami hakuzifurahia, lakini si 720,000. Kodi hutozwa faida, si bei. Na lau angekuwa ameishi mwenyewe ndani ya nyumba ile kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza, asingelipa kodi hiyo hata senti moja, kwa sababu sheria huisamehe nyumba ambayo mwenyewe ameifanya makao yake kwa muda huo. Kadhalika husamehewa mali inayouzwa na mtu binafsi kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ametumia zaidi ya hizo laki sita. Fundi wa kwanza alilipwa bila karatasi, na ushuru wa stempu alioutoa siku aliponunua, ambao nao ungepunguza faida, risiti yake ilipotea wakati wa kuhama. Kila shilingi laki moja isiyo na risiti ilimgharimu kodi ya 15,000.

Sasa fungu la tatu, la wakili wa mtu mwingine. Mfano wake ulio wazi ni mkopo wa benki. Benki ikikukopesha, huweka wakili wake wa kuandaa hati ya rehani, na ada ya wakili huyo hulipwa na wewe, si na benki. Yupo kulinda fedha za benki. Usidhani kwamba kwa kuwa umemlipa atakulinda na wewe. Hivyo mnunuzi wa mkopo hulipia mawakili wawili, pamoja na mthamini aliyekubaliwa na benki. Kuna pia ushuru wa stempu wa rehani, ambao ni mdogo, asilimia 0.1 ya fedha zinazokopwa: kwa mkopo wa 3,600,000 ni shilingi 3,600. Mfano mwingine uko kwenye majengo ya ghorofa yanayouzwa kabla hayajakamilika, huko Bamburi, Nyali na Shanzu, ambako si ajabu kukuta kwenye barua ya ofa sharti kwamba mnunuzi atalipa ada ya wakili wa mjenzi. Si lazima liwe jambo baya, maana wakili mmoja huandaa hati za nyumba zote, lakini lazima ulione kabla ya kutia saini na uliweke kwenye hesabu, na ujue kwamba bado unahitaji wako.

Hapa watu husema: basi wakili mmoja na atutoshe sote, muuzaji na mnunuzi, tupunguze gharama. Naelewa kinachowasukuma, hasa wanapouziana watu wa familia au majirani wa miaka. Lakini fikiria siku muuzaji anapotaka akabidhiwe arubuni mapema naye mnunuzi hataki, au sachi inapoonyesha zuio kwenye rejista, yaani mtu mwingine amezuia mali isiuzwe. Kwa kawaida arubuni ni asilimia 10 ya bei, nayo hushikwa na wakili wa muuzaji mpaka mambo yatimie, kama mshika pesa wa mchezo wa upatu ambaye hana ruhusa ya kumpa mmoja kabla ya zamu yake. Wakili mwenye wateja wawili wanaovutana hawezi kumshauri mmoja bila kumsaliti mwingine, na mara nyingi hulazimika kujitoa, nanyi mkaanza upya na mawakili wawili mliokuwa mkiwakimbia. Kwenye nyumba ya milioni karibu tano, laki moja ya kuwa na mtu anayekutazamia wewe peke yako naiona ni fedha iliyotumika vizuri.

Wala dalali si badala ya wakili. Kamisheni ya dalali ni malipo ya kuwakutanisha, haimo katika hesabu zote tulizofanya hapo juu, na ni vyema ijulikane mapema nani ataitoa. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza mtu asiye wakili kuandaa hati za kuhamisha mali kwa malipo. Mikataba ya kununuliwa dukani na kujazwa na dalali ndiyo inayowafikisha watu mahakamani, na ada ya kesi haina asilimia 2.

Nimemwacha kwa makusudi yule wa tatu wa barazani, wa elfu kumi na tano, kwa sababu suala lake ni la kwetu Pwani na haliwezi kupitiwa mbiombio. Yeye alinunua nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko kuna maelfu ya familia ambazo nyumba ni zao, wamejenga au kununua au kurithi, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine ambaye hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Unaponunua nyumba ya namna hiyo unanunua kuta, paa na nafasi ya kuendelea kuwa mpangaji wa kiwanja. Hakuna hatimiliki ya ardhi inayohamishwa kwa jina lako, na ndiyo maana gharama zake zilikuwa ndogo: wakili aliandika mapatano, mashahidi wakatia saini, basi.

Udogo huo wa gharama usimpendeze mtu kupita kiasi. Hakulipia uchunguzi wa rejista, na laiti angeulipia angejua mwenye ardhi ni nani hasa, kama kiwanja hakijawekwa rehani, na kama hakuna kesi ya kuwaondoa wakazi. Kwa maoni yangu, anayenunua nyumba bila ardhi anahitaji wakili zaidi kuliko anayenunua yenye hati, kwa kuwa hana hati ya kumsemea. Amwombe wakili afanye sachi ya kiwanja, apate ridhaa ya mwenye ardhi kwa maandishi kwamba anamtambua mpangaji mpya, athibitishe kwa risiti kwamba kodi ya kiwanja haina malimbikizo, na aandike kwenye mapatano nini kitatokea mwenye ardhi akitaka kuuza. Mwenye ardhi naye huweza kudai malipo ili atoe ridhaa. Hilo liulizwe kabla, maana ni la mapatano na mtu asiyekuwepo mezani. Ada ya wakili kwa kazi hii mkubaliane mapema, kwa maandishi.

Wanaovuka kwenda kununua Mtwapa, Kilifi au Diani wakumbuke jambo moja: kama ardhi ni ya kilimo, kuuziana kunahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano, vinginevyo mauziano hayana nguvu. Ada ya kibali ni ndogo. Kinachogharimu ni kukisahau.

Na muuzaji aliyeoa, au aliyeolewa, akumbuke kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hati ya kiapo ya ridhaa hugharimu kidogo. Mnunuzi asikubali kuambiwa kwamba mke anajua.

Ukishayajua haya, kikao cha kwanza na wakili kitakuwa kifupi. Hakikisha kwanza kwamba ni wakili mwenye leseni ya mwaka huo, jambo linaloweza kuthibitishwa kupitia Chama cha Mawakili wa Kenya. Kisha omba makadirio ya maandishi yaliyotenganisha ada yake, VAT, ushuru wa stempu na gharama nyingine moja moja, pamoja na siku ambayo kila fungu litahitajika. Uliza ni kipi kinaweza kubadilika na kwa sababu gani. Ushuru wa stempu hulipwa serikalini kwa namba ya malipo inayotolewa kwa ajili ya mauziano yako. Unaweza kuulipa mwenyewe, au umpe wakili na udai stakabadhi. Mtu akikutajia gharama ya kuharakisha faili isiyokuwa na risiti, hiyo haimo katika amri yoyote ya malipo, usiitoe.

Ikiwa mwishoni bili itakuja imevimba kuliko mlivyokubaliana, una njia. Mteja anaweza kuomba bili ipelekwe mbele ya msajili wa mahakama, ambaye huipitia mstari kwa mstari kwa kulinganisha na viwango na kuondoa kisichostahili. Kwa wakili aliyeshika fedha za mteja na kukataa kuzitolea maelezo, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Fedha za wateja hutakiwa kukaa kwenye akaunti yake maalumu, mbali na fedha za ofisi, na mteja ana haki ya kupewa hesabu yake.

Nyumba ya Mikindani hatimaye iliandikwa jina la mnunuzi, muuguzi aliyekuwa akipanga Changamwe. Siku alipokuja kuchukua funguo, ami alimkabidhi pamoja nazo bahasha kubwa ya kaki, tupu. Yule dada akaigeuza, akaangalia ndani, asielewe. Ami akamwambia aanze kwa kutia humo stakabadhi ya ushuru wa stempu na bili ya wakili wake, na fundi yeyote atakayemtengenezea hata dirisha amdai karatasi na kuitia humo humo.